Kijana wa Jericho na kuta za Yeriko

Mwezi uliopita nilialikwa chai na mama mmoja anayeishi mtaa wa Jericho, Eastlands, hapa Nairobi. Tulijuana tukiwa vijana katika kwaya ya kanisa, na sasa sote tuna mvi. Nilipofika nikagundua kwamba chai ilikuwa kisingizio tu. Kabla sijakaa vizuri, mama akanielekezea kidole mwanawe wa mwisho, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa ameinamia simu yake.

“Mwalimu, nakuomba uongee na huyu mtoto wako. Ameacha kanisa. Ati amesoma kwa simu kwamba ukuta wa Yeriko haukuanguka.”

Kijana akainua kichwa. “Prof, si mimi nimesema. Ni wanaakiolojia. Wamechimba na hawakupata ukuta wa Yoshua. Sasa kama hiyo ni uongo, hizo zingine nitajuaje ni kweli?”

“Unamsikia?” mama akasema. “Kama ukuta haukuanguka, basi kila kitu kimeanguka.”

Nilitaka kucheka, lakini uso wa mama ulinizuia. Kilichonishangaza ni kwamba hawa wawili, waliokuwa hawaongei kwa wiki tatu, walikuwa wamekubaliana kabisa juu ya jambo moja: kwamba kisa cha kale kina milango miwili tu. Ama kilitokea jinsi kilivyosimuliwa, neno kwa neno, ama ni uongo mtupu. Mama alisimama katika mlango mmoja na mwana katika mwingine. Siku ile nilijibu kwa ufupi na sikuridhika na jibu langu. Makala haya ndiyo jibu ambalo ningependa kulitoa.

Tuanze na mahali penyewe. Biblia ya Muungano ya mwaka wa 1952 huandika Yeriko. Mtaa wetu umebaki na tahajia ya Kiingereza, Jericho, kama jirani yake Jerusalem, ambao Biblia hiyo huuita Yerusalemu. Yeriko ya kale ni kilima kinachoitwa Tell es-Sultan, karibu na mto Yordani, katika nchi ya Wapalestina. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu siku ya tatu. Kilijengwa na watu. Nyumba za matofali ya udongo zilijengwa, zikabomoka, vifusi vikasawazishwa, nyumba nyingine zikajengwa juu yake, kwa maelfu ya miaka, mpaka pakawa na kilima cha urefu wa karibu mita 20. Waarabu hukiita kilima cha namna hiyo ‘tell’. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wakifikirie kichuguu: kila kizazi cha mchwa huongeza udongo wake juu ya udongo wa waliotangulia.

Mwanaakiolojia husomaje kichuguu kama hicho? Hatuhitaji kwenda mbali. Tuseme tumepewa ruhusa ya kuchimba nyuma ya nyumba moja kuukuu ya Eastlands. Juu kabisa tutapata taka za juzi. Tukishuka kidogo tutakutana na mifuko ya plastiki ile iliyopigwa marufuku Agosti 2017, na hapo tutajua kwamba tabaka hili kwa jumla ni la kabla ya marufuku au la muda mfupi baadaye. Tukishuka zaidi tunaweza kuokota ile senti kumi ya zamani yenye tundu katikati na jina la Mfalme George wa Sita. Ikiwa sarafu hiyo imelala chini ya msingi wa nyumba, basi msingi ule haukuwekwa kabla ya 1937, mwaka ambao sarafu za mfalme huyo zilianza kutolewa Afrika Mashariki. Kanuni ni nyepesi: cha chini ni cha kale, cha juu ni cha karibuni.

Lakini kuna mtego. Tuseme mwenye nyumba alichimba shimo la choo mwaka wa 1985, kisha baadaye akalifukia. Kifuniko cha soda cha 1985 kitakuwa kimeteremka hadi kando ya sarafu ya Mfalme George. Mchimbaji mwenye haraka atasema vitu hivyo viwili ni vya wakati mmoja. Mchimbaji makini atakata ukuta wa shimo lake wima, atazame rangi ya udongo, aone mahali shimo la choo lilipokatiza matabaka. Tofauti ya wachimbaji hawa wawili ndiyo tofauti iliyozua mjadala wa Yeriko.

Mwingereza John Garstang alichimba Tell es-Sultan kuanzia 1930 hadi 1936. Alipata kuta mbili zilizoporomoka, na akatangaza kwamba kuta hizo zilianguka karibu mwaka wa 1400 K.K., wakati ambao yeye aliamini ndio wa Yoshua. Habari hiyo ilienea upesi, na iliingia katika vitabu vya shule za Jumapili kote duniani. Hata leo ukimsikia mhubiri akisema kwamba sayansi imethibitisha ukuta ulianguka, huenda anamnukuu Garstang bila kumjua.

Kisha akaja Kathleen Kenyon, naye Mwingereza, aliyechimba kuanzia 1952 hadi 1958. Yeye ndiye mchimbaji wa aina ya pili. Alikata mitaro mirefu, akasoma matabaka moja baada ya jingine, akalinganisha vigae vya vyungu. Akaona kwamba kuta za Garstang zilikuwa na umri mkubwa kuliko alivyodhani, tofauti ya karibu miaka elfu moja. Ukuta wa enzi hiyo ya kale ulikuwa umeanguka na kujengwa upya mara nyingi, pengine kwa sababu ya mitetemeko ya ardhi, maana bonde la Yordani ni sehemu ya mfumo uleule wa mabonde ya ufa unaofika hapa kwetu Naivasha na Magadi. Mji mwingine wenye ngome ulijengwa baadaye, nao uliteketea kwa moto karibu mwaka wa 1550 K.K. Vipimo vya kaboni vya nafaka zilizoungua, vilivyofanywa miaka mingi baadaye, vilionyesha pia karne ya 16 K.K. Baada ya moto huo, katika karne ya 13 K.K. ambamo wataalamu wengi huweka kisa cha Yoshua, hapakuwa na mji wenye ukuta. Huenda palikuwa na kijikao kidogo, basi.

Kwa hivyo kijana wetu hakudanganywa na simu yake. Ila alichosoma kilikuwa nusu ya habari. Kenyon alikuwa Mkristo wa Kianglikana, na hakuchimba ili kuivunja Biblia. Isitoshe, huko chini alikopata ukuta si wa Yoshua, alipata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mnara wa mawe wa urefu wa mita 8.5, wenye ngazi 22 ndani yake, uliojengwa karibu mwaka wa 8000 K.K., kabla watu wa pale hawajajua kufinyanga chungu. Mwaka wa 2023 shirika la Unesco liliuingiza Tell es-Sultan katika orodha ya turathi za dunia. Ardhi haikusema “hakuna kitu”. Ilisema “mliuliza swali moja, nami nina majibu ya maswali mengine”.

Swali mojawapo ni hili: kama Waisraeli hawakuingia kwa kuangusha ngome ya Yeriko, walitoka wapi? Mwaka wa 1896, Flinders Petrie alipata jiwe huko Thebes, Misri, lenye maandishi ya Farao Merneptah ya karibu mwaka wa 1208 K.K. Farao huyo anajigamba kwa kuorodhesha aliowashinda katika nchi ya Kanaani, na mmoja wao ni Israeli. Hilo ndilo jina la Israeli la kale zaidi tunalolijua kwa hakika nje ya Biblia. Ajabu ni kwamba waandishi wa Misri walikuwa na alama ya kuonyesha kama jina ni la mji, la nchi au la watu. Miji mingine katika orodha ile ina alama ya mji. Israeli ina alama ya watu. Basi karibu mwaka wa 1208 K.K. walikuwapo watu walioitwa Israeli, na hawakuwa na mji wa kuandikiwa.

Wanaakiolojia waliotembea kwa miguu katika vilima vya kati vya nchi ile, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, walihesabu zaidi ya vijiji 200 vidogo vilivyochipuka kuanzia wakati huohuo. Nyumba ni za kawaida, hakuna kasri. Vyungu vyao vimefinyangwa kwa mtindo wa Wakanaani. Tofauti moja inayotajwa sana ni kwamba mifupa ya nguruwe ni michache mno. Wataalamu wengi wa leo wanakubali kwamba sehemu kubwa ya Waisraeli wa mwanzo ilitokana na watu wa nchi ileile: wakulima, wafugaji na waliokimbia miji iliyokuwa ikiporomoka. Huenda kikundi fulani kilitoka Misri na kumbukumbu yake ikawa kumbukumbu ya wote. Kwa lugha rahisi, maadui wa kwenye kisa walikuwa ndugu wa kwenye vigae.

Na msomaji asidhani kwamba jambo hili limefichwa na Biblia. Fungua sura ya kwanza ya kitabu cha Waamuzi, kitabu kinachofuata Yoshua. Pale kuna orodha ndefu ya miji ambayo Wakanaani hawakufukuzwa, wakaendelea kuishi pamoja na Waisraeli. Vitabu viwili, vimekaa bega kwa bega, na kila kimoja kina kumbukumbu yake. Waliovikusanya waliona tofauti hiyo, na hawakuifuta.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hii ni safu ya lugha. Kiswahili kina neno moja zuri sana, ‘kisa’. Kisa ni masimulizi, kama tunaposema kisa cha Sungura na Fisi. Lakini kisa pia ni sababu. Mtu akigomba bila kuchokozwa tunamuuliza: kisa ni nini? Neno limetoka Kiarabu likiwa na maana ya masimulizi, na sisi tukaliongezea maana ya sababu. Nadhani wahenga wetu walijua jambo. Mara nyingi watu husimulia ili kueleza kwa nini kitu fulani kiko jinsi kilivyo.

Kitabu cha Yoshua kimejaa visa vya namna hiyo. Mwandishi wake hurudia mara kwa mara kwamba rundo fulani la mawe lipo mpaka siku yake, kwamba ukoo wa Rahabu unaishi kati ya Waisraeli mpaka siku yake, kwamba mji wa Ai ni magofu mpaka siku yake. Maneno hayo ya ‘mpaka leo’ ni kama sarafu chini ya msingi: yanatuonyesha mahali msimulizi alipokuwa amesimama. Hakuwa ndani ya vita. Alikuwa mbele ya magofu, karne kadhaa baadaye, akiulizwa na watoto nani aliyeyabomoa. Wataalamu wengi husema masimulizi haya yalipata sura yake kuu kuanzia karne ya 7 K.K., katika ufalme wa Yuda.

Ai ndio mfano ulio wazi zaidi. Jina lenyewe kwa Kiebrania lina maana ya gofu au rundo la vifusi. Kilima ambacho wataalamu wengi hukitambua kuwa Ai kilichimbwa na Judith Marquet-Krause kati ya 1933 na 1935. Alikuta kwamba mji mkubwa wa pale uliangamia karibu mwaka wa 2400 K.K., na palikaa patupu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa maneno mengine, kilikuwa gofu zamani sana kabla ya Yoshua. Gofu lilitangulia, kisa kikafuata.

Je, hayo ni mambo ya Wayahudi wa kale peke yao? La hasha. Panda matatu ya Eastlands utazame vibao vya njiani. Kariokor: watoto wengi wanaoshuka pale kununua vikapu na kula nyama choma hawajui kwamba jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Dar es Salaam jina hilohilo limekuwa Kariakoo. Midomo ya Waswahili ilichukua jina la kijeshi ikalifanya jina la nyumbani. Tuseme nyaraka zote za vita vile zimeungua, na mtu baada ya miaka 600 anataka kueleza jina Kariokor. Atatunga kisa. Pengine atasema palikuwa na mzee aliyeitwa Kario. Atakuwa amekosea kuhusu 1914, lakini atatufundisha mengi kuhusu watu wa wakati wake.

Shuka tena. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa 1952, mwana wa James Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa 1953. Majina hayo mawili yalibandikwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na si kwa bahati: yaliwaenzi Waafrika waliouawa ilhali yeye mkoloni anapigana na Waafrika wengine. Leo mtu husema “nakaa Mbotela” au “naenda Ofafa” kama anavyosema anaenda sokoni. Kila jina ni tabaka, na kila tabaka lina aliyeliweka na sababu ya kuliweka.

Hapa kijana angeniambia: “Sawa Prof, kwa hivyo visa vyote vilitungwa baadaye.” Hapana. Usikimbie upesi hivyo, maana mchimbaji aliyeharakisha kusema ‘ndiyo’ ana nduguye aliyeharakisha kusema ‘hapana’.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwapo wasomi waliodai kwamba Mfalme Daudi hakuwahi kuishi, kwamba ni mtu wa hadithi tu. Mwaka wa 1993, kundi la Avraham Biran lililokuwa likichimba Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, lilipata kipande cha jiwe la karne ya 9 K.K. lililoandikwa kwa Kiaramu. Mfalme adui anajisifu humo kwa ushindi wake, na wataalamu wengi husoma katika mstari mmoja maneno ‘nyumba ya Daudi’. Adui hana sababu ya kumtungia mwenzake babu. Jiwe lile halithibitishi kwamba Daudi alimuua Goliathi. Linaonyesha kwamba chini ya karne mbili baada ya wakati unaotajwa kuwa wake, majirani waliwajua wafalme wa Yuda kwa jina lake. Si haba.

Na kwetu pwani kuna kisa cha asili kilichopata mtihani kama huo. Tarikh ya Kilwa husimulia kwamba Ali bin Hassan alifika kutoka Shirazi, akakinunua kisiwa cha Kilwa kutoka kwa mtawala mwenyeji kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka. Wasomi wa enzi ya ukoloni walikipenda kisa hicho kwa sababu kiliwaruhusu kusema kwamba miji ya mawe si kazi ya Waafrika. Kisha, katika miaka ya 1980, Mark Horton akachimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine juu ya mingine, na ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa midogo, ya miti na udongo. Vyungu vilivyoizunguka vilikuwa vya wenyeji. Mji haukuletwa na jahazi. Ulikua mahali pake, mdogomdogo, mikononi mwa watu wa pwani. Basi wengi wetu katika vyuo vikuu tukasema kisa cha Washirazi ni majigambo ya koo zilizotaka sifa. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo darasani, na nilifundisha kwa sauti ya juu.

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, pamoja na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Matokeo yalinifanya nirudi darasani kusahihisha maneno yangu. Wengi wa waliozikwa walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kupitia akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka wa 1000 B.K. Kumbe wazee wa Kilwa hawakuwa waongo. Walikumbuka ukweli, ila waliukumbuka kwa upande wa baba. Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa na ardhi, lugha na chungu cha kupikia, hakutajwa. Katika kisa amebaki kivuli tu, nyuma ya mtawala aliyeuza kisiwa kwa kitambaa.

Hapo ndipo akiolojia inapotufaa zaidi. Kazi yake si kupiga muhuri wa ‘kweli’ au ‘uongo’ kwenye vitabu vitakatifu. Kazi yake ni kutuonyesha waliotolewa nje ya kisa. Kilwa ilimsahau bibi. Yoshua ilimsahau ndugu Mkanaani. Nasi Wakenya tunajua gharama ya kumsahau ndugu. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, watu waliokuwa wamekopeshana chumvi walianza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Kila upande ulikuwa na kisa cha babu aliyefika kwanza. Anayesoma Yoshua kama hati ya shamba anaweza kutoka hapo akatafute Wakanaani wake. Anayejua kwamba vigae vya Mwisraeli na vya Mkanaani ni vya mtindo mmoja atasita kidogo kabla ya kuokota jiwe. Huko kusita ndiko ninakokililia.

Sasa nirudi kwa wenyeji wangu wa Jericho. Mama, imani yako haikujengwa juu ya ukuta, na yule aliyekufundisha kwamba ukuta ukikosekana Mungu naye hayupo alikukabidhi mzigo usio wako. Waliokiandika kisa cha Yoshua waliishi katika nchi ndogo iliyozungukwa na madola makubwa, na walichotaka kuambiana ni kwamba ngome za wakubwa si za milele. Hilo halihitaji tarehe. Nawe kijana, usikubali kuuziwa neno ‘uongo’ kwa bei rahisi. Mwongo ni mtu anayejua lililotokea akasema jingine. Mtu anayesimama mbele ya gofu akatafuta sababu yake, akawaachia watoto kisa cha kushikilia, si mwongo. Ni mwenzako. Hata wewe umesimama mbele ya gofu ukiuliza kisa.

Siku ile ya chai niliwauliza swali moja kabla ya kuondoka. Mama, wewe ulizaliwa wapi? Akasema Shauri Moyo. Na jina hilo lilitoka wapi? Akaweka kikombe chini. Mama yake, alisema, alikuwa msichana mdogo kijiji cha Pangani wakati halmashauri ya manispaa ilipokibomoa, mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu walikuwa na nyumba zao wenyewe, na vyumba vya kupangisha. Wakaletwa kwenye nyumba za serikali wawe wapangaji. Wazee wakasema, sasa hili ni shauri la moyo, kila mtu ashauriane na moyo wake.

Kijana alikuwa ameweka simu chini. “Mathe, hiyo hujawahi kuniambia.”

“Hujawahi kuuliza. Wewe waniuliza mambo ya Yeriko.”

Nyaraka za serikali ya kikoloni zitakupa amri ya kubomoa na mwaka wake. Hazitakwambia watu walijisikiaje. Jina la Shauri Moyo linakumbuka walivyojisikia, ila nalo lina lake: ukilisikia utadhani walikuwa na hiari. Hawakuwa nayo. Unahitaji nyaraka na bibi pia, na vigae vikipatikana ni heri.

Nalisema hili kwa sababu mitaa mikongwe ya Eastlands imewekwa katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Nyumba kuukuu za Pangani zimeshakwenda, na jina hilo sasa limeona mabomoko mara mbili. Watu wanahitaji makao bora, sipingi. Lakini tingatinga halichimbi kama Kenyon. Linachanganya tabaka zote kwa asubuhi moja. Baada yake hakutakuwa na sarafu chini ya msingi, wala mtu wa kukumbuka nani aliishi nyumba gani. Watoto watasimama mbele ya ghorofa, watauliza, na mtu atawatungia kisa.

Basi kabla hujauliza kama ukuta wa Yeriko ulianguka, muulize mama yako ukuta wa kwao ulianguka lini, na nani aliuangusha. Uandike jibu, na tarehe ya siku uliyoambiwa.